Kiti cha magurudumu hakimpunguzii mama Umra yake

Hakuna msafara wa Umra (hija ndogo) ninaouongoza unaoikosa jozi hii: mama wa miaka sabini na ushei, magoti yamechoka, na mwanawe aliyejinyima kwa muda mrefu ili amlete Makka. Jioni tunayofika huwauliza wenye wazazi wakubwa nani atahitaji kiti. Mwana hunivuta pembeni: "Maalim, mama atatembea. Akisukumwa si Umra yake itakuwa nusu?" Swali hili nimelisikia mpaka sasa nalijibu kabla halijaisha.

Haitakuwa nusu. Mtume, rehema na amani zimshukie, katika Hija ya kuaga mwaka wa 10 Hijria alitufu, yaani aliizunguka Kaaba mara saba, akiwa juu ya ngamia, akiligusa Jiwe Jeusi lililo pembeni mwake kwa bakora yake. Mkewe Ummu Salama alipomweleza kuwa anaumwa, alimwambia atufu nyuma ya watu hali amepanda mnyama. Hakumwambia asubiri apone, wala hakumwambia arudie akipata nafuu. Hadithi zote mbili zimo katika Bukhari, kitabu cha hadithi sahihi. Si maneno ya wakala anayetafuta kukodisha viti. Na sisi Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, kutembea katika tawafu kwetu ni sunna hata kwa mwenye afya zake, sembuse mama mwenye magoti mabovu.

Hapo mwana aliyesoma kidogo hutoa hoja ya pili: ujira ni kwa kadiri ya taabu. Kweli, Bi Aisha, mke wa Mtume, aliambiwa maneno ya maana hiyo kuhusu Umra yake. Lakini hiyo ni taabu inayokuja yenyewe, ya safari na joto na msongamano, si ya kuitafuta. Anas, sahaba wa Mtume, amepokea kwamba Mtume alimwona mzee anakokotwa katikati ya wanawe wawili. Akauliza ana nini. Wakasema ameweka nadhiri ya kwenda kwa miguu. Akasema Mwenyezi Mungu hana haja na huyu kujitesa, akaamuru apande mnyama. Mzee yule alikuwa na nadhiri, na bado akaambiwa apande. Mama yako hana nadhiri yoyote. Ana mwana mbishi.

Nashangaa watu hawapigi hesabu kabla ya kubishana. Baada ya tawafu kuna saayi, kwenda mara saba kati ya vilima vya Safa na Marwa. Kutoka Safa hadi Marwa ni mita 450 hivi. Mara saba ni zaidi ya kilomita 3, juu ya marumaru, na hapo tawafu imeshatangulia. Chini karibu na Kaaba mzunguko ni mfupi lakini ndiko kwenye kusukumana; ukipanda ghorofani pana nafasi, ila mzunguko mmoja unarefuka mara kadhaa. Mama mwenye sukari huenda vidole vyake havisikii maumivu, kwa hiyo lengelenge haligunduliki mpaka usiku anapovua soksi. (Ndiyo, mwanamke aliyehirimia, yaani aliyekwisha nuia ibada, anaruhusiwa soksi. Mvalisheni.) Baada ya hapo siku za Madina anazimaliza kitandani, Msikiti wa Mtume anausikia kwa adhana dirishani. Haya yote kwa sababu mwanawe aliona haya kusukuma kiti.

Ninachoshauri ni kiti tangu Umra ya kwanza, si baada ya mtu kuanguka. Haram, yaani Msikiti Mtakatifu wa Makka, ina viti vya bure, ina wasukumaji rasmi wa kulipwa, na ghorofani kuna vigari vya umeme vya kukodi. Kwenye saayi kuna njia ya katikati ya viti peke yake. Wapo wanaolalamika kwamba kutoka juu Kaaba iko mbali. Iko mbali, sikatai, lakini mama anaiona yote bila kiwiko cha mtu usoni. Tena hakuna aliyesema Umra ifanywe saa ileile mabegi yanaposhushwa. Ihramu haiharibiki kwa kula wala kulala. Mwache mama ale, anyooshe mgongo, kisha mwende.

Kosa hilohilo lina upande wake wa pili: mwana anayemwacha mama hotelini akamwambia, "Pumzika, nitakufanyia kwa niaba." Hapana, bwana. Mwanamke wa kabila la Khath'am aliyemwuliza Mtume kama amhijie baba yake alisema baba ni mzee sana, hawezi kutulia juu ya mnyama. Mpaka uko hapo. Aliyeweza kukaa kwenye ndege kutoka Dar es Salaam au Mombasa hadi Jidda anaweza kukaa kwenye kiti akazungushwa. Kwa niaba ni ya marehemu au ya asiyetarajiwa kuweza hata kwa kubebwa, na anayeifanya lazima awe ameshatimiza yake mwenyewe kwanza.

Na anayesukuma, je? Tawafu yake haipotei. Kila mmoja ana nia yake, na mama amekaa kwenye kipando chake. Hakuna haja ya kumaliza saba za mama ukaanza saba zako. Wala udhu haukutoki kwa kumshika mama mkono. Ni maharimu wako, jamaa usiyeweza kumuoa.

Yaliyobaki nayapitia haraka, maana hayanichoshi sana.

Mama hahitaji nguo nyeupe. Ihramu ya mwanamke haina rangi wala mshono maalumu. Asivae nikabu na glavu, basi.

Maqamu Ibrahimu si kaburi. Ni jiwe alilosimama juu yake Nabii Ibrahimu akijenga Kaaba, limewekwa ndani ya kioo, na hakuna anayetakiwa kulipapasa. Ule ukuta mfupi wa nusu duara, Hijri Ismaili, nao si pambo. Sehemu yake ni ya Kaaba yenyewe, iliachwa nje Makuraishi, kabila la Mtume, walipojenga upya wakapungukiwa na mali ya halali. Anayekatiza humo, mzunguko huo hauhesabiki, na watoto wanapenda kukatiza.

Kuhusu watoto: mdogo akihiji sasa hajalipa deni la ukubwani. Mwanamke alimwinulia Mtume mtoto akauliza kama huyu ana Hija, akajibiwa ndiyo, nawe una ujira. Thawabu anapata. Akibaleghe na akaweza, ya faradhi iko palepale.

Kupanda Jabali Nur, mlima wa Makka, mpaka pango la Hira si sehemu ya Umra kwa hali yoyote. Mwenye mapafu apande. Mzee aitazame kutoka kwenye basi na hajapungukiwa na kitu. Watoto mimi huwapeleka Uhud, karibu na Madina, gari linafika hadi karibu na makaburi ya Hamza, ami yake Mtume, na mashahidi wenzake wa vita vya mwaka wa 3 Hijria. Mtoto akisimama pale akaona kilima cha wapiga mishale kilivyo karibu na uwanja, anaelewa papo hapo kwa nini walioshuka kukimbilia ngawira waliwaponza wenzao. Darasani hilo huchukua wiki.

Rawdha, lile eneo la ndani ya Msikiti wa Mtume, siku hizi ni kwa miadi ya programu ya simu ya Nusuk, na wanawake wana zamu yao mbali na wanaume. Kijana usidhani utaingia na mama. Mtafutie mwanamke wa kikundi wa kuongozana naye, na mkubaliane mapema mtakutana wapi akitoka, kwa sababu simu yake kwa kawaida iko hotelini kwenye chaja.

La mwisho si la fiqhi lakini linanikera karibu sawa na la kiti: eti kadi ya chanjo ni karatasi tu ya kuonyesha uwanja wa ndege. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo inatakiwa kwa kila mwenye umri wa mwaka 1 na zaidi, ichomwe angalau siku 10 kabla ya kufika. Kuna wanaonunua kadi bila sindano, halafu wanampeleka mzee mwenye sukari katikati ya umati wa dunia nzima bila kinga yoyote. Mwana huapa kwamba mama amechomwa. Ndiyo maana siku hizi simwulizi mwana. Namwuliza mama mwenyewe alichomwa mkono gani.