LPN nchini Marekani: mafunzo ya mwaka mmoja, leseni yake na mpaka wake

Mtu aliyefika Marekani kutoka Afrika Mashariki au Kongo na kuanza kazi ya kuwaogesha, kuwalisha na kuwageuza wazee kitandani hachelewi kugundua kwamba katika jengo hilohilo yupo mwenzake anayesukuma troli ya dawa, anayelipwa zaidi yake kwa kiasi kikubwa, na aliyesoma kwa takriban mwaka mmoja tu. Huyo ndiye LPN, yaani muuguzi wa vitendo mwenye leseni, ambaye katika majimbo ya Texas na California huitwa LVN. Kwa mujibu wa takwimu za Wizara ya Kazi ya Marekani za Mei 2023, mshahara wa kati wa mwaka, ule ambao nusu ya wafanyakazi hupata chini yake na nusu juu yake, ulikuwa dola 38,200 kwa msaidizi wa uuguzi, dola 59,730 kwa LPN na dola 86,070 kwa muuguzi aliyesajiliwa, anayeitwa RN.

Kabla ya kuvutwa na tarakimu hizo, ni vema mtu aifahamu kazi yenyewe. Tuchukue zamu ya asubuhi katika nyumba ya kutunzia wazee. Karatasi ya dawa inaagiza digoxini miligramu 0.25 kwa mdomo, saa tatu asubuhi, na vidonge vilivyomo kwenye troli ni vya miligramu 0.125. Hesabu ni nyepesi: vidonge viwili. Hata hivyo, kabla ya kumpa mzee vidonge hivyo, LPN huweka stetoskopu upande wa kushoto wa kifua chake na kuhesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima, wala si kwa sekunde 15 kisha akazidisha kwa nne, kwa sababu dawa hii hupunguza kasi ya moyo, na mapigo yasiyo na mpangilio hayahesabiki kwa mkato. Akipata mapigo 52, dawa haitolewi. Anaandika alichokikuta na kumwarifu RN au daktari mara moja. Hapo ndipo mpaka wa leseni ulipo: LPN hupima, huona, hutoa dawa, husafisha na kufunga vidonda, huweka mpira wa mkojo na kuripoti, lakini tathmini ya kwanza ya mgonjwa na uamuzi wa kubadili mpango wa huduma ni vya RN. Kuhusu dawa zinazopitishwa kwenye mshipa, kila jimbo lina kanuni zake, na jambo linaloruhusiwa katika jimbo moja linaweza kukupotezea leseni katika jimbo jirani.

Mafunzo hutolewa zaidi na vyuo vya jamii na vyuo vya ufundi, na huchukua kati ya miezi 12 na 18. California, kwa mfano, inadai saa 1,530, ambazo 576 ni za nadharia na 954 ni za vitendo. Mwombaji huhitaji cheti cha sekondari au kinacholingana nacho, na vyuo vingi humpa mtihani wa kuingilia wa kusoma, hesabu, sayansi na Kiingereza. Huongezewa uchunguzi wa rekodi ya jinai, kipimo cha kifua kikuu na chanjo, ikiwemo ya homa ya ini aina ya B. Sisi tunaofundisha tumeona kwamba wanaoanguka njiani mara nyingi hawashindwi na masomo. Wanashindwa na zamu za usiku: mwanafunzi anatoka kazini saa kumi na mbili asubuhi, na nusu saa baadaye anatakiwa awe wodini kwa mafunzo ya vitendo ambako kila saa ya kutohudhuria inahesabiwa. Anayepanga kusoma apange kwanza kupunguza zamu, na nauli, na mlezi wa watoto.

Cheti cha chuo peke yake hakimruhusu mtu kugusa troli ya dawa. Ni lazima afaulu mtihani wa taifa uitwao NCLEX-PN, ambao ada yake ya kujiandikisha ni dola 200. Mtihani hufanywa kwa kompyuta kwa muda usiozidi saa tano, na kompyuta hupandisha au kushusha ugumu wa maswali kulingana na majibu, kuanzia maswali 85 hadi 150. Aliyezoea mitihani ya kukariri hupata tabu hapa, kwa sababu swali halimuulizi dalili za ugonjwa. Linamwekea wagonjwa wanne na kumuuliza amwone yupi kwanza. Anayeshindwa hurudia baada ya siku 45.

Waliokwisha kusomea uuguzi nyumbani wanastahili neno la pekee. Mwenye stashahada ya uuguzi kutoka Kenya au Tanzania asikimbilie LPN kwa kudhani kwamba Marekani humshusha kila mgeni ngazi moja; masomo yake yakitathminiwa, huenda akaruhusiwa kufanya mtihani wa RN moja kwa moja. Mwenye cheti cha ngazi ya chini ndiye ambaye kwa kawaida hulinganishwa na LPN. Tofauti hii ina uzito hata katika uhamiaji: RN yumo katika orodha ya kazi ambazo serikali imekwisha kukiri upungufu wake, hivyo mwajiri wake husamehewa hatua ndefu ya kuthibitisha kwamba hakupatikana mfanyakazi wa ndani. LPN hayumo katika orodha hiyo.

Nafasi nyingi za LPN zipo katika nyumba za wazee, huduma za majumbani na kliniki. Hospitali zina sehemu ndogo. Wizara ya Kazi ilikadiria ongezeko la asilimia 3 kati ya 2023 na 2033, kiwango cha wastani tu, ingawa wanaostaafu huacha nafasi nyingi kila mwaka. Leseni ya majimbo mengi, inayotambuliwa na zaidi ya majimbo 40, humwezesha muuguzi kufanya kazi katika majimbo hayo bila kuomba leseni ya kila moja, ila California haimo, na anayehamishia makazi yake jimbo jingine huomba leseni ya huko. Wengi huitumia LPN kama daraja, kwani vyuo kadhaa huwapunguzia masomo wanaoendelea kuelekea RN.

Suala la chuo lisichukuliwe kwa wepesi. Januari 2023 serikali kuu ya Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya watu 25 kuhusiana na uuzaji wa zaidi ya vyeti 7,600 vya uongo vya uuguzi kutoka shule tatu za Florida, na bodi za majimbo mbalimbali zikaanza kufuatilia leseni zilizopatikana kwa vyeti hivyo. Bodi ya uuguzi ya kila jimbo huweka wazi orodha ya vyuo ilivyoviidhinisha, na nyingi huchapisha pia asilimia ya wahitimu wa kila chuo waliofaulu NCLEX-PN kwa mara ya kwanza. Orodha hiyo isomwe kabla ya kulipa hata ada ya fomu, na chuo kinachoahidi leseni bila saa za wodini kiripotiwe kwa bodi hiyohiyo.