Kinachoua betri ya laptopu si chaja: dhana potofu na ukweli wake

Mtu akinunua laptopu hakosi kupewa wosia. Ichaji saa nane kabla ya kuiwasha mara ya kwanza. Iache iishe kabisa ndipo uichaji tena. Ikijaa tu, chomoa. Wosia huu hutolewa kwa nia njema, na zamani ulikuwa na maana, ila ulihusu betri za nikeli na kadimiamu. Betri iliyomo ndani ya laptopu ya leo ni ya ioni za lithiamu, aina ambayo Sony ilianza kuiuza mwaka 1991 na ambayo iliwapatia John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Betri imebadilika, wosia umebaki ule ule, na inaniuma kuona watu wakiua betri zao kwa bidii huku wakiamini wanazitunza.

"Iache iishe kabisa ndipo uchaji"

Betri ya nikeli na kadimiamu ilikuwa na tabia iliyoitwa kumbukumbu. Ukiitumia kila siku hadi kiwango kile kile, tuseme nusu, kisha ukaijaza, baada ya muda volti yake ilianza kushuka mapema ikifika pale, na kifaa kikazima kana kwamba chaji imeisha. Dawa yake ilikuwa kuikausha kabisa mara moja moja. Betri ya laptopu yako haina ugonjwa huo, kwa hiyo dawa hiyo haiisaidii. Inaichosha tu.

Seli moja ya lithiamu, yaani kimoja cha vipande vinavyounda betri, ikijaa huwa na volti 4.2 hivi, na ikikaribia kuisha huwa na 3 hivi. Ikishuka mno chini ya hapo, shaba iliyomo ndani ya seli huanza kuyeyuka, na baadaye inaweza kuleta shoti humo humo ndani. Ndiyo maana laptopu hujizima yenyewe ikiwa bado na akiba kidogo: skrini inasema 0, lakini seli haijafika sifuri ya kweli. Balaa huja pale unapoifunga ikiwa imeisha namna hiyo, ukaisahau kabatini miezi kadhaa. Ile akiba huvuja taratibu, na sakiti ya ulinzi ikiona volti imeshuka kupita kiasi hufunga njia. Siku unapochomeka chaja, kimya.

Wengine huogopa kuchaji mara kwa mara wakidhani kila kuchomeka ni mzunguko mmoja wa uhai wa betri. Sivyo inavyohesabiwa. Mzunguko mmoja hutimia chaji iliyotumika inapofika jumla ya asilimia 100. Ukitumia 50 leo ukajaza, na 50 kesho ukajaza, umemaliza mmoja. Apple huzipa MacBook zake nyingi za miaka ya karibuni mizunguko 1,000, ikitarajia kwamba hadi hapo betri bado ina asilimia 80 ya uwezo wake wa mwanzo. Kwa hiyo kuchaji kidogo kidogo, kutoka 35 hadi 70 na kuendelea na shughuli zako, hakupotezi kitu. Betri hii hupenda kukaa katikati.

"Ikijaa chomoa, la sivyo itajaa kupita kiasi iungue"

Hapa ukweli na uongo vimefumwa pamoja, na ndipo betri nyingi zinapoharibikia.

Kujaa kupita kiasi hakutokei kwenye laptopu ambayo betri na sakiti zake ni nzima. Sakiti hujaza kwa mkondo mkubwa mpaka volti ifike kikomo, kisha huishikilia volti palepale huku mkondo ukipungua polepole. Ndiyo sababu asilimia za mwisho huenda kwa mwendo wa kobe. Mkondo ukishakuwa mdogo kabisa, unakatwa. Kuanzia hapo laptopu inatumia umeme wa chaja moja kwa moja na betri imekaa pembeni.

Sasa, huko pembeni imekaa ikiwa imejaa pomoni, na hilo ndilo linaloizeesha. Ndani ya seli, juu ya grafiti (kaboni inayohifadhi lithiamu betri ikiwa na chaji), kuna utando mwembamba uliojijenga tangu siku ya kwanza. Utando huo ni wa lazima, kwa sababu ndio unaoikinga elektroliti, yaani kimiminika kinachopitisha lithiamu, isiendelee kuharibika. Lakini haukomi kunenepa, na kila unaponenepa humeza lithiamu ambayo ingebeba chaji. Volti ikiwa juu, unanenepa haraka. Joto likiongezeka, haraka zaidi.

Vipimo vinavyotolewa na Battery University, tovuti ya elimu ya betri, vinaonyesha wazi. Seli iliyowekwa mwaka mzima kwenye nyuzi 25 za Selsiasi ikiwa na chaji ya asilimia 40 hubaki na takriban asilimia 96 ya uwezo wake. Iliyowekwa ikiwa imejaa, 80. Panda hadi nyuzi 40: ya kwanza hubaki na 85, iliyojaa hubaki na 65. Seli hizo hazikufanya kazi yoyote. Zimekaa tu, na theluthi nzima ya uwezo imepotea kwa ile iliyojaa na yenye joto.

Mimi nilijifunza kwa laptopu yangu mwenyewe. Ilikaa mezani karibu miaka miwili, chaja haichomolewi, vumbi limeziba matundu ya feni. Siku moja sehemu ya kupapasia kidole iliyo chini ya kibodi ikawa ngumu: nikibonyeza, ule mlio wake mdogo hausikiki. Nikadhani ni uchafu. Baada ya wiki chache nilipofunga kifuniko nikaona mwanga ukipenya kwenye kona moja, haigusi chini. Fundi alipotoa skrubu, tulikuta betri imevimba kama mto mdogo, karatasi yake ya fedha iliyopaswa kuwa bapa imetuna na kusukuma kila kilichokuwa juu yake. Chaja ilipimwa ikaonekana nzima kabisa. Kwa miaka miwili nilikuwa nimeiweka betri ile katika hali mbili isizoziweza, yaani imejaa na ina joto, nikidhani naistarehesha.

Ukiona dalili hizo, kibodi kuinuka au kifuniko kutofunga sawasawa, zima, chomoa, na usijaribu kuitoboa ili "itoe hewa". Gesi iliyomo inaweza kuwaka. Mpelekee fundi anayezijua, na betri yenyewe isitupwe kwenye taka za kawaida.

Kama laptopu yako inashinda kwenye umeme, huna haja ya kukaa ukiivizia ili uchomoe. Iwekee kikomo cha kuchaji. Lenovo na ASUS wanacho kwenye programu zao, Dell wamekiweka hadi kwenye BIOS (programu ya msingi inayoiamsha mashine), na kwenye mashine nyingi za Linux kinaandikwa katika faili liitwalo charge_control_end_threshold. Ukiweka 80, inafika hapo na kusimama. MacBook nayo hujifunza ratiba yako na kuchelewesha kuivuka 80 mpaka karibu na muda unaoihitaji. Ningeambiwa nichague ushauri mmoja tu wa kumpa mtu, ningempa huu.

"Usitumie laptopu wakati inachaji"

Itumie. Imeundwa hivyo. Cha kuogopa ni joto, na kuchaji kukichanganyika na kazi nzito kama michezo au kuhariri video, joto hupanda. Iweke juu ya kitu kigumu. Godoro na blanketi huziba matundu ya chini, feni ikavuma bila kuvuta hewa yoyote. Safisha vumbi. Usiiache ndani ya gari lililofungwa juani. Kiganja chako ni kipimo kizuri: ukiona sehemu iliyo juu ya betri inakuchoma, nayo betri inaungulia humo.

"Chaja yenye wati nyingi itaichoma"

Laptopu huchukua kiasi inachohitaji, haisukumiwi. Chaja ya USB-C ya wati 100 kwenye laptopu inayohitaji 45 haina madhara, kwa sababu vifaa hivyo viwili huongea kwanza na kukubaliana volti na mkondo. Kwa chaja za pini ya duara, ambazo mara nyingi haziongei hivyo, volti iliyoandikwa lazima ilingane na ile ya laptopu. Ampea zinaweza kuwa sawa au kuzidi. Chaja yenye wati pungufu ndiyo itakayokusumbua: betri inajaa kwa shida, au inapungua ukiwa umeichomeka.

Yapo mengine ya kupita haraka. Kuitia betri kwenye jokofu kunaleta unyevu, na kuichaji ikiwa chini ya nyuzi 0 kunafanya lithiamu igande juu ya grafiti kama chuma, isirudi. Programu zinazodai "kukarabati" betri haziwezi kurudisha lithiamu iliyomezwa. Zile saa nane za mwanzo hazina kazi. Betri mpya ukiijaza imejaa. Na kuitumia mpaka iishe kisha kuijaza kunafaa kwa jambo moja tu: asilimia zinapoanza kudanganya, zikiruka kutoka 30 hadi kuzima ghafla. Hapo unakuwa unarekebisha kipimo. Betri yenyewe haiponi. Ikiendelea kuzima vile vile, basi seli zimechoka.

Kujua imechoka kiasi gani hakuhitaji kubahatisha. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, nawe utapata ripoti yenye namba mbili za kulinganisha: uwezo iliotoka nao kiwandani na uwezo ilionao leo ikijaa. Ile yangu iliyovimba ilitoka na miliwati-saa 50,000 (mWh), ikawa imebaki na 31,000. Laiti ningeitazama ripoti hiyo mwaka mmoja kabla.

Ukitaka kuihifadhi laptopu kwa muda mrefu, iache na chaji ya nusu, izime kabisa, iweke pakavu penye ubaridi wa kawaida, na uikague kila baada ya miezi michache. Na siku ya safari, ondoa kikomo, ijaze hadi 100 asubuhi hiyo, itumie yote bila wasiwasi. Saa chache za kujaa hazina neno. Ukirudi mezani kwako, rudisha 80.