Kusitirika: kiwango cha maisha ya staha hupimwaje?

Muulize mvuvi wa Lamu hali yake, huenda akakujibu: "Alhamdulillahi, tumesitirika." Hakusema ana mali. Amesema wanawe wamekula na kuvaa, na mgeni akibisha hodi hatamtia fedheha. Sijaona neno lililo karibu zaidi na kile wataalamu wanachokiita kiwango cha chini cha maisha ya staha: chini yake mtu yu hai, lakini haishi kama wenziwe.

Mstari wa umaskini ni kitu kingine. Utafiti wa kitaifa wa Kenya wa 2015/16 uliuweka kwenye shilingi 3,252 kwa mtu mzima kwa mwezi mashambani na 5,995 mijini, msingi ukiwa chakula cha kalori 2,250 kwa siku na mahitaji machache juu yake. Kipimo cha namna hii kina ukoo mrefu. Seebohm Rowntree, alipopima umaskini mjini York, Uingereza, mwaka 1899, alipiga hesabu ya kuutunza mwili tu. Mwenyewe alikiri kuwa nyumba inayoishi kwa kiasi hicho haiwezi kununua gazeti, kupanda treni, wala kumpelekea barua mwana aliye mbali, maana pesa ya stempu haipo.

Basi nani aseme kinachotosha? Kwa maoni yangu, wenyeji. Uingereza imekuwa ikipima hivyo tangu 2008: watu wa kawaida huketi pamoja, wazazi peke yao na wazee peke yao, wakabishana mpaka wakubaliane, kisha kikundi kingine kikakagua.

Waketishe kina mama wa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, barazani. Mchele, unga, samaki, nazi na maji havitachukua muda. Mjadala utawaka kwenye nguo za Idi za watoto, mchango wa maziko, ada ya madrasa, vocha ya simu. Binafsi mchango wa maziko nisingeukata kamwe. Asiyeweza kuutoa huanza kujificha na watu. Kila kinachokubaliwa huulizwa: kiasi gani, kinadumu muda gani, kinanunuliwa wapi? Godoro la shilingi 6,000 litakalodumu miaka mitano huingia kwenye bajeti kama shilingi 100 kwa mwezi. Jumla ndiyo kiwango cha nyumba ya aina ile, mahali pale.

Mahali pana uzito. Mjamzito wa Faza, kisiwani Pate, akiandikiwa kwenda hospitali mjini Lamu, nauli ya boti ni sehemu ya matibabu yake. Mwenzake wa Malindi mjini hana gharama hiyo.

Kisha kiwango hulinganishwa na pato, na hapa wapimaji hukosea. Ukimpima mvuvi wakati wa kaskazi, ataonekana amevuka. Kusi ikivuma, bahari inachafuka, vyombo vidogo vinakaa ufukoni, na watoto wanataka kula vilevile. Pato lake lipimwe mwaka mzima, na unga aliokopa dukani miezi hiyo uandikwe kuwa ni deni.