Sindano ya Mgongo Huchomwa Wapi Hasa?

"Dokta, nisije nikapooza." Karibu kila mama ninayemwandaa kuchomwa sindano ya ganzi mgongoni kwa ajili ya upasuaji wa kujifungua huniambia hivyo, kwa sauti ya chini, akiwa ameshakaa ukingoni mwa kitanda na mto amekumbatia kifuani. Hofu yake naiheshimu. Anajua mgongoni mna kitu ambacho kikiumia, miguu haitembei tena. Asichoambiwa na mtu ni kwamba kitu hicho kina mwisho, na sisi tunachoma chini ya mwisho huo.

Kitu hicho ni ugwe wa mgongo unaoshuka kutoka chini ya ubongo, kamba laini yenye unene wa kidole cha mwisho hivi, imelazwa ndani ya pingili za uti. Kwenye ugwe huo huchipuka jozi 31 za mishipa ya fahamu. Hiyo ndiyo inayopeleka amri kwenye misuli na kurudisha habari za moto, baridi, mguso na maumivu.

Mtoto anapokua, mifupa ya uti hurefuka kuliko ugwe. Ndiyo maana ukubwani ugwe huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo hamna kamba tena, ila mishipa myembamba inayoelea kwenye maji kama mkia wa farasi. Ukiona nakupapasa nyonga kwa mikono miwili kabla ya kuchoma, natafuta usawa wa pingili ya nne. Sindano ikiingia huko, mishipa hiyo kwa kawaida huipisha.

Mshipa wa fahamu hupitisha ujumbe kwa kufungua vijilango vinavyoingiza sodiamu. Dawa ya ganzi huviziba kwa saa mbili tatu. Miguu hupata joto kwanza, kwa sababu nyuzi zinazobana mishipa ya damu ndizo hulegea mapema. Hapo presha inaweza kushuka ukasikia kichefuchefu. Sema papo hapo, dawa ya kuipandisha ipo karibu. Kisha maumivu hutoweka, na miguu inakuwa mizito kama gogo. Mtoto akitolewa utahisi kuvutwa na kusukumwa tumboni, lakini si makali ya kisu. Unaendelea kupumua mwenyewe, maana mishipa inayoendesha kiwambo cha kupumulia hutoka shingoni, juu kabisa. Na mtoto akilia utamsikia, kwa kuwa sikio lina mshipa wake unaoingia moja kwa moja kwenye ubongo.

Daktari Mjerumani August Bier alitumia njia hii kwa mgonjwa mwaka 1898, kisha akajaribiwa yeye mwenyewe, akaugua kichwa siku kadhaa. Maumivu hayo yapo hadi leo kwa baadhi ya akina mama, ingawa sindano zetu ni nyembamba zaidi: maji ya uti huvuja kidogo, kichwa kikauma ukikaa na kutulia ukilala. Yanatibika, usiyavumilie kimya nyumbani. Mgongo kuuma baada ya uzazi huwapata hata waliojifungua kwa njia ya kawaida, maana mimba yenyewe huuchosha mgongo na kulegeza viungo.

Kupooza kwa kudumu kunaweza kutokea, lakini ni nadra mno. Mara nyingi chanzo ni damu au usaha unaokusanyika na kubana mishipa. Ndiyo sababu tunakuuliza kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, na hatuchomi penye kidonda au jipu. Ukirudi wodini jaribu kuchezesha vidole vya miguu. Saa nne zikipita bila mguu kusogea, au nguvu zikirudi kisha zikapotea tena, au mgongo ukauma vikali, mwite muuguzi wakati huohuo, hata kama ni usiku wa manane.