Nguo zikitoka zinachuruzika, si lazima mota imekufa
Hapa Nairobi, mashine ya kufulia ikitoa nguo zinazochuruzika maji, jirani atakuambia mota imekufa, tafuta nyingine. Mara nyingi si kweli. Kwa mashine ya ngoma moja, kama ngoma ilizunguka vizuri wakati wa kufua, mota ile ile ndiyo inayokamua.

Kinachokwama ni maji: yasipotoka, mashine haikamui kwa kasi. Kwa zile za mlango wa mbele, tazama chini pembeni. Kwa kawaida kuna kifuniko kidogo, na nyuma yake kichujio cha pampu. Chomoa umeme, weka beseni bapa na tambara, kifungue taratibu. Kwangu zilitoka sarafu ya shilingi 5, pini ya nywele na tonge la nyuzi lenye utelezi. Sarafu nilibaki nayo.

Mpira wa kutolea maji ukijikunja, mambo ni yale yale. Blanketi zito likifuliwa peke yake huelemea upande mmoja, na mashine ikihisi mtikisiko hupunguza kasi. Ongeza taulo mbili. Angalia pia kasi uliyochagua: mizunguko 400 kwa dakika haikamui kama 1200.

Kichujio kikiwa safi na maji bado hayatoki, hapo sasa mwite fundi aikague pampu.