Kuchunguza fani za uhandisi si sawa na "bado sijaamua"

Kuchunguza fani ni kutumia mihula miwili ya mwanzo ya shahada ya uhandisi kupima fani mbili tatu, ukijua tarehe ya mwisho ya kuchagua, huku masomo unayojisajili yakihesabika katika kila fani unayoipima. Maana yake ndiyo hiyo, haina siri. Tatizo ni kwamba msemo huu umegeuka jina la heshima la kukaa tu. Mtu anasema "bado nachunguza". Ukimuuliza anachunguza zipi, anataja uhandisi wote.

Hapo vitu viwili vinachanganywa. Mwaka wa pamoja, ambapo wanafunzi wote wa uhandisi husoma pamoja kabla ya kugawanyika kifani, ni utaratibu wa chuo. Kuchunguza ni kazi ya mwanafunzi. Chuo Kikuu cha Purdue kule Marekani kina programu ya mwaka wa kwanza wa uhandisi ambayo mwanafunzi huimaliza ndipo aingie idara yake. Cambridge, Uingereza, wote husoma uhandisi wa jumla miaka miwili na kuanza kubobea mwaka wa tatu. Vyuo vingine vingi humpokea mtu moja kwa moja kwenye fani. Kukaa ndani ya mwaka wa pamoja hakumaanishi unachunguza, kama ambavyo kukaa maktaba hakumaanishi unasoma. Na aliyepokelewa uhandisi ujenzi tangu siku ya kwanza anaweza kuwa anachunguza kwa bidii kuliko wote, mradi ajue kanuni za kuhama.

Linalokera zaidi ni dai kwamba mwaka wa kwanza hauna hasara kwa sababu "masomo ni yale yale". Kwa sehemu ni kweli: kalkulasi, fizikia ya mwendo na nguvu, kemia ya mwanzo, programu za kompyuta kidogo na uchoraji wa kihandisi hupatikana karibu kila mahali. Lakini masomo ya uhandisi yamefungana kama mnyororo, na minyororo huanza kuachana muhula wa pili, wakati wengi wanadhani bado wako njia moja.

Chukua mwanafunzi anayesita kati ya mitambo, umeme na kemikali. Muhula wa pili, kalkulasi ya pili na fizikia ya umeme na sumaku vinamfaa kote kutatu. Imebaki nafasi moja. Akichukua statiki, yaani hesabu za nguvu kwenye vitu vilivyotulia, amejiwekea njia ya mitambo, kwa sababu dainamiki, yaani hesabu za vitu vinavyosogea, na uimara wa vifaa husubiri statiki. Akichukua kemia ya pili, amejiwekea njia ya kemikali. Sasa tuseme amechukua statiki, kisha mwaka wa pili akaamua kwenda kemikali, na kwenye chuo chake somo la mizania ya maada na nishati, yaani hesabu za kinachoingia na kinachotoka kiwandani, linadai kemia ya pili. Mizania hiyo ndiyo mlango: baada yake huja uhamishaji wa joto, utenganishaji, vinu vya mmenyuko, na mwisho usanifu wa kiwanda. Kama mizania hufundishwa muhula mmoja tu kwa mwaka, kemia moja aliyoiacha inaweza kumrudisha nyuma mwaka mzima. Hakufeli chochote. Amekosa tu kusoma jedwali la masomo kutoka mwisho kurudi mwanzo.

Ndiyo maana mchunguzi makini huanza na jedwali la mihula 8 la kila fani anayoifikiria, akapigia mstari masomo ya muhula wa 2 na wa 3 yasiyofanana. Mara nyingi ni mawili au matatu. Hayo ndiyo ya kumpelekea mshauri wa masomo, kabla ya usajili wa muhula wa pili kufungwa. Aulize pia wastani wa alama unaotakiwa kuingia kila fani na kama nafasi zina kikomo. Fani yenye ushindani, na uhandisi kompyuta huwa mojawapo, haimsubiri mtu amalize kutafakari.

Kuhama nako kuna bei tofauti. Umeme na kompyuta zina masomo ya pamoja ya saketi, mantiki ya kidijiti na programu, kwa hiyo kuvuka mapema si kazi kubwa. Mitambo na anga nazo zina pamoja statiki, dainamiki, themodinamiki (elimu ya joto na nishati) na mwendo wa vimiminika. Ila kutoka ujenzi kwenda kompyuta, au kutoka popote kwenda kemikali, ni kuanza mnyororo upya.

Kosa jingine ni kupima fani kwa kitu kisicho chake. Mradi wa roboti wa mwaka wa kwanza unafurahisha, lakini ndani yake mna mitambo, umeme na programu, na kuupenda hakukwambii ni kipi kati ya hivyo ulichokipenda. Jiulize ni usiku gani ulisahau kulala: wa kukata na kufunga vipande, wa kutafuta waya uliolegea, au wa kusaka kosa kwenye programu. Vivyo hivyo, kuchukia kemia ya mwanzo si sababu tosha ya kuikataa kemikali, kwani sehemu kubwa ya fani hiyo ni mtiririko, joto na hesabu za mizania. Kipimo kizuri kiko mwaka wa tatu: omba kuingia mhadhara mmoja wa muhula wa 5, kisha soma ripoti moja ya maabara ya wanafunzi hao, pamoja na majedwali na makosa ya vipimo. Kama kurasa hizo zinakuchosha ukiwa msomaji tu, utazichoka zaidi ukiwa ndiwe mwandishi.

Basi rafiki yako akisema anachunguza fani, usimjibu "kumbe hujaamua". Muulize ni fani zipi zimebaki, ni zipi amekwisha kuziondoa na kwa nini, na mwisho wa kuchagua ni lini. Akiwa na majibu, anachunguza. Akiwa hana, neno lake sahihi ni "sijaanza", na si aibu kulisema, ilimradi usajili wa muhula wa pili haujafungwa.