Chupa iliyotulia kwenye kiti cha gari haijatulia

Wengi tumekua tukiamini kwamba ukishafunga mkanda, hatari ndani ya gari imekwisha. Chupa ya maji, simu au boksi la spana vinaonekana havina neno, kwa kuwa safari nzima vimekaa kimya. Imani hiyo inaeleweka, maana ndivyo macho yanavyoona.

Ila vitu hivyo vinakwenda kwa mwendo uleule wa gari. Gari likigonga na kusimama ghafla, mkanda unakuzuia wewe. Chupa haina wa kuizuia. Inaendelea mbele mpaka ikutane na kioo, au kisogo cha mtu.

Piga hesabu mwenyewe. Chukua mwendo wa kilomita kwa saa, gawa kwa 3.6, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha gawa kwa 20. Utapata, kwa mita, kimo ambacho kitu kingeanguka ili kifikie kasi hiyo. Kwa kilomita 50 ni karibu mita 10. Kwa 100 ni karibu 40! Hakuna mzazi angekubali chupa iliyojaa imdondokee mwanawe kutoka huko.

Ninachohofia zaidi ni kile kibao cha chini ya kioo cha nyuma, usawa wa vichwa vya abiria. Kiache kitupu. Mizigo mizito iwekwe chini kabisa kwenye buti, iegemee mgongo wa kiti cha nyuma. Kisha uvute mgongo huo kwa nguvu uone kama komeo lake limeshika sawasawa. Na abiria wa nyuma asiyefunga mkanda naye hurushwa vivyo hivyo, kwa uzito wake wote.